Sukari Imepanda

Mwezi wa Machi nililisema neno hilo hadi likanichosha,
kupitia nondo za dirisha la duka, Tandika:
"Sukari imepanda, mama. Robo siyo ya bei ya jana."
Wakanuna, wakahesabu upya sarafu,
wakaniita mwizi kwa utani, wakanunua.

Kisha nesi wa Temeke akanichoma kidole,
akakitazama kijimashine chake, akaniambia mimi:
"Baba, sukari imepanda."
Nikacheka.
Yeye hakucheka.

Mimi Anaeli, ambaye mtaa mzima unaniita Mangi,
niliyelea watoto wanne kwa gunia na mizani,
sikuwahi kujiuzia hata kijiko.
Niliramba tu.
Kidole kikavu, gunia wazi, jicho barabarani.
Chai ya alfajiri vijiko vinne,
soda ya saa nane, jua limelalia bati kama deni,
na zile pipi za chenji
za wateja niliowakosea hamsini:
moja yako, moja yangu, haki ya mwenye duka.
Nani angeniandika kwenye daftari la madeni?

Kumbe mwili nao una daftari lake,
na haufuti.

Siku ya kwanza nilikuwa shujaa.
Ya pili nikamfokea Ndeanasia kwa ajili ya kizibo cha chupa.
Ya nne nikaota kashata,
si nyingi, moja, nyeupe, ya nazi,
imekaa kwenye sahani kama bibi harusi asiye na haraka.

Watu hawajui kwamba uchu una saa yake.
Wangu huja saa kumi alasiri,
wanafunzi wakitoka shule, vumbi likiwafuata,
na kijana wa barafu za ukwaju akigonga kengele.
Hukaa nyuma kidogo ya ulimi
na huongea Kichaga, lugha ya mama yangu:
kidogo tu, mwanangu, umefanya kazi.

Mke wangu akalifungia kopo la sukari kabatini,
ufunguo akaukaza kwenye pindo la kanga.
Nikamwonea huruma Elinami wa watu.
Amefunga bakuli,
bucha amemwachia fisi.

Siku ya kumi na tisa umeme ulikatika.
Mtaa mzima ukaguna kwa pamoja.
Mkono wangu ukaliona gunia kabla ya macho yangu.
Sitasema mara ngapi.
Taa ziliporudi nilikuwa na chembe masharubuni,
na Bi Kidawa amesimama dirishani na kibakuli chake.
Alinitazama muda mrefu.
"Nipe robo," akasema. Kisha, taratibu:
"Hii ya wajukuu. Mimi nilikatazwa."
Nikapima bila kumtazama usoni.
Tulikuwa kama wezi wawili waliokutana
ndani ya nyumba moja.

Kesho yake nilinunua upawa wa mpini mrefu,
kidole kisifike.
Nikaanza tena kuhesabu, kutoka moja.

Sasa chai naipokea ilivyo.
Wiki za mwanzo ilikuwa maji ya kuoshea sufuria,
halafu asubuhi moja tangawizi ikazungumza.
Miaka yote hiyo ilikuwepo humo
na mimi nimeiziba mdomo.
Hata kiazi cha kuchemsha, cha Elinami, cha juzi,
nilikitafuna nikasimama kutafuna,
nikamuuliza umeweka nini.
Akaniangalia kama mgonjwa.
"Chumvi."

Lakini saa kumi haijafa.
Leo amekuja Shukuru, mtoto wa fundi redio,
na noti yake iliyokunjwa mara nane.
Chenji hamna.
Nimefungua chupa, nimetoa pipi mbili,
zote mbili nimempa yeye.
Akazitazama, akanitazama.
"Mangi, na yako?"

Kumbe waliona, siku zote.

Nimemwambia mimi nimeshiba.
Ameondoka anaruka madimbwi, shavu moja limevimba.
Vidole nimevifuta kwenye suruali.
Kisha, sitadanganya,
nikavinusa.