Kilomita Elfu za Mwanzo

Muuzaji alinipa funguo mbili, kofia ngumu moja,
na kitabu chembamba kama cha zaka.
"Mzee, hii usiikimbize.
Kilomita elfu za mwanzo ni mwendo wa arobaini,
hamsini ukizidi sana.
Tena usikae mwendo mmoja muda mrefu:
ongeza, punguza, iache ipumue."

Nilicheka peke yangu.
Miaka thelathini na mmoja kule Arusha Chini
hakuna aliyeniambia niongeze, nipunguze, nipumue.
King'ora kililia alfajiri
nami nikatoka mbio, shati bila vifungo,
boila ikinisubiri na mdomo wazi.
Pikipiki hii ndiyo kiinua mgongo changu.
Mgongo wenyewe ulishagoma.

Basi nikatoka nayo,
Pasua, Mabogini, chini hadi miwa inapoanza,
tambarare, hakuna mlima wa kuitesa.
Wanafunzi wa baiskeli walinipita.
Bodaboda wakanipigia honi:
"Babu, unasindikiza maiti?"
Trekta la miwa nalo likanipita, na dereva wake,
kijana niliyemfundisha kazi mwenyewe,
akavua kofia, kwa heshima au kwa kejeli, sijui.
Mimi sikio langu lilikuwa katikati ya magoti,
nasikiliza chuma na chuma
vikijifunza kukaa nyumba moja.
Fundi Msangi alisema ni kama viatu vipya vya Krismasi:
lazima viume kidogo,
ila ukikimbia navyo utachunika.

Jioni naiegesha kwenye upenu wa jiko,
nasoma mita, naandika ukutani kwa mkaa:
themanini na sita. Mia thelathini.
Mia mbili kumi na nne.
Ndeanasia akasimama na mwiko mkononi:
"Mimba zangu nne
hukuandika hata tarehe moja."
Sikuwa na la kujibu.

Jumapili asubuhi mita ilisema mia mbili sitini na tisa.
Nilitazama ukuta. Nikatazama mita.
Injini ilikuwa vuguvugu
kama kitanda cha mtu aliyeamka sasa hivi.
Tairi lilikuwa na matope mekundu,
na huku kwetu chini udongo ni wa kijivu.
Ule ni wa Kibosho.
Amepanda mlima. Usiku. Kundaeli huyu.

Nilimkuta amelala na viatu,
miguu imepita mwisho wa kitanda,
mrefu kuliko nilivyomkumbuka.
Fimbo ilikuwa mahali pake, nyuma ya mlango.
Nikamwona yule wa miaka tisa
niliyempeleka kupalilia mpunga likizo nzima
ili awe mwanamume upesi.
Alirudi viganja vimechanika, hakulia,
nami nikamsifia kwa majirani.
Tangu hapo kuna kitu kinagonga ndani yake, kwa mbali.
Nikimwuliza jambo, hunijibu neno moja.
Yeye alikuja bila kitabu.
Labda nisingekisoma.

Alipoamka nilimwambia,
"Leta lile galoni lililokatwa, na spana kumi na saba."
Tukafungua nati ya chini, vichwa karibu vigusane.
Oili ilishuka nyeusi kabla ya wakati wake,
na ndani yake unga wa chuma unametameta.
"Nimeiua?"
"Sijui," nikasema, na kweli sikujua.
Tukasubiri hadi tone la mwisho.
Tone la mwisho lina uvivu wake.

Nikamtupia funguo. Mimi nikapanda nyuma,
mara ya kwanza kumshika mwanangu kiuno.
Mpaka Langasani hakusema kitu.
Arobaini. Thelathini na tano. Arobaini na mbili.
Pembeni maji ya mfereji yalikuwa yanatushinda mbio.
Halafu, bila kugeuka:
"Baba, kule Kibosho kuna msichana."
Akataja jina, upepo ukalichukua.
Nikamwomba arudie.