Kifuniko

Inawaka. Inalima mizunguko mitatu,
wa nne inakohoa, moshi mweupe, kimya.
Ukiiacha ipoe, inawaka tena
kama mtoto anayedeka mbele ya mgeni.

Vuli ya Kicheba haimngoji mtu,
na mbegu ya mkopo bado imo guniani.
Nilibadilisha filta. Nikapuliza bomba kwa mdomo
hadi dizeli ikanikaa kooni siku mbili.
Nikalegeza nati, nikatoa upepo:
povu likaja, likaisha, yakaja mafuta matupu.
Nikasema, leo.
Mizunguko mitatu.

Jirani yangu Sechambo akataja nozeli,
akataja na bei yake.
Nikaanza kuhesabu mbuzi.

Ndipo akaja Mwantumu, fundi wa Muheza,
mkoba wa spana hakuufungua.
"Washa, lima."
Nikalima. Mzunguko wa nne, kikohozi,
naye akarukia tangi, akazungusha kifuniko.

Fyuuu!
Tangi likavuta pumzi kama aliyeibuka mtoni,
injini ikashika sauti yake, nzito, ya shibe.

Akanionyesha kitundu juu ya kifuniko,
chembamba, cha sindano, kimezibwa kwa sabuni.
"Hewa isipoingia, mafuta yatatokaje?
Nani kaziba?"

Masika iliyopita, nikihofia maji ya mvua,
nilimega sabuni ya mche
nikaikandika kwa kidole hiki.

"Labda nyigu," nikasema.

Akakitazama kidole.
Akachomoa pini kwenye ushungi wake,
akanipa.