Kadi ya Dashnyam

Muuguzi Tsevelmaa hataki hadithi, anataka kadi.
Kadi ililiwa na mbuzi, baba anasema,
kule malishoni, siku ile theluji ilipofukia hema.
Foleni nzima inacheka. Dashnyam hacheki.

"Bwenini wanalala ishirini na wawili," muuguzi anajibu,
"na surua haibishi hodi."

Basi kofia inavuliwa, chawa wanatafutwa,
koti la manyoya linashushwa bega moja:
pale, kovu la mviringo, dogo,
chanjo ya uchangani, limekaa kama mhuri.
Hiyo moja inasomeka. Nyingine zote atachomwa upya.

Dashnyam anakodolea dirisha:
nje farasi wao anapumua mvuke.
Sindano inaingia. Halii.

Anayelia ni baba,
akisingizia harufu ya spiriti.