Sababu ya Kuondoka

Funguo kumi na nne, na mlango ukaukubali wa mwisho.
"Safisha tu, Dinny," wakili alisema, "Ijumaa wanunuzi wanakuja kupima."
Nikaingia na ndoo, ufagio, na magoti yangu ya miaka sitini na saba
katika ukumbi ule ule niliouvuka mbio nikiwa mtoto
nikachapwa kwa kukimbia.

Mvua ya Kilvarna haibishi hodi.
Imeshuka na dari ya darasa la tatu,
imekaa kwenye dawati kama mwanafunzi aliyechelewa,
imeotesha ukungu juu ya ramani ya dunia:
Afrika imevimba, bahari zimekuwa kahawia,
na Ayalandi, kisiwa chetu, imebanduka ikaanguka.
Niliifagia pamoja na kinyesi cha njiwa.

Rejista niliikuta kabatini kwa Bruda Malaki,
nyuma ya chupa ya maji ya baraka iliyokauka.
Jina. Kijiji. Kazi ya baba. Sababu ya kuondoka.
Safu nne, na historia nzima ya shule
imejibana katika ile ya nne.

1871, Heffernan, Lorcan, mtoto wa mvunja mawe. Sababu: viatu.
Basi. Viatu.
1889, Tuohy na Tuohy, mapacha: meli.
1918: mafua, mafua, mafua,
mwandiko wenyewe unaanza kuyumba,
na ukurasa unaofuata ni mkono mwingine.
1922: amechukua bunduki ya babu yake.
Miaka ya hamsini, Uingereza, mara moja tu, juu;
chini yake vistari viwili, vistari viwili, hadi mwisho wa karatasi,
kama nyayo za ndege kwenye theluji,
zote zikielekea bandarini.

Mimi nimo. Kiwanda cha sukari. Kweli.

Asubuhi za baridi tulikuja na bonge la mboji kavu kwapani,
ada ya moto. Asiyeleta alikaa dirishani.
Bruda Malaki alitufundisha majina ya nyota
na kutugawia mkate wake, mkavu, lakini wake.
Chumba cha pili, Bruda Senani na mkanda wa ngozi
alioushonea sarafu ndani.
Ukuta mmoja kati yao.
Nilimuuliza Malaki, keshazeeka, yuko kwenye kiti cha magurudumu.
"Ukuta ulikuwa mnene," alisema.
Leo nimeugonga kwa kifundo cha kidole.
Ni mbao tupu.

Ultan, kaka yangu, 1969, miaka kumi na mitatu.
Jina lipo. Kijiji kipo. Baba: mchimba mboji.
Safu ya nne imekwanguliwa kwa wembe,
karatasi imebaki nyembamba hata nikiiinua dirishani
nauona uwanja wa magongo upande wa pili,
na magugu, na goli moja lililosimama.
Mama alikwenda kuuliza.
Akakaribishwa chai katika vikombe vya Askofu,
akarudi akivisifu vikombe.
Jioni hiyo tu. Baadaye hakuvitaja tena,
wala sikumwona tena akinywa chai.

Ukurasa wa mwisho, 1994. Wavulana kumi na mmoja.
Bi. Assumpta Kearns, mwalimu wa hesabu,
mwanamke wa kwanza na wa mwisho kuandika humu,
hakuwajaza mmoja mmoja. Alichora mabano makubwa, akaandika:
Wavulana wapo. Shule ndiyo iliyoondoka.

Saa kumi wakili akapiga simu. Kuna chochote cha thamani?
Rejista ilikuwa imeshaingia ndani ya koti,
inanipa joto ubavuni, pale pale tulipobania mboji.
"Ramani," nikasema, "lakini imeoza."
Kisha nikaacha ndoo ilipokuwa
na kuvuka ule ukumbi mbio,
kwa magoti haya haya.