Koo Asiyenyanyuka

Siku ya tisa, na koo wangu wa madoadoa
bado ameganda kiotani,
anaatamia balbu iliyoungua
niliyowawekea matembe wajue pa kutagia.

Jogoo hatuna.
Jirani Aune ana usingizi mwepesi.

Kila asubuhi namnyanyua, kidari cha moto
kama mkate uliotoka tanurini,
namtia kwenye kizimba cha waya, apitiwe chini
na upepo wa Võru wenye theluji ya mwisho.
Anasimama kutwa, ananung'unika.
Nikifungua, mbio! kwa balbu yake.

Matembe watatu wanamwogopa.
Kuku mgeni hakosi kamba mguuni;
hawa nimewavisha pete nyekundu,
wanadonolewa vilevile.
Wanataga wanapojaliwa: ndoo ya majivu,
nyuma ya baiskeli isiyopanda mtu mpaka Juni.

"Akili za kuku," Heldur akacheka,
akavuta buti, akanyamaza.
Akautoa mguu polepole.
Yai la kwanza la tembe, dogo kama plamu,
lilikuwa limeshaingia kwenye soksi.
Zamu yangu kucheka.

Usiku nikaenda na tochi kumhamisha tena.
Tembe mdogo kuliko wote, yule anayechechemea,
amejibanza kiotani, ubavuni mwake,
na koo, macho ameyafumba,
amemwekea nusu ya bawa.

Sikumtoa mtu.
Nilipenyeza mkono, nikachukua balbu tu.
Ilikuwa na joto, kama taa
iliyozimwa sasa hivi.