Kisha Hiliki

Alhamisi baada ya isha, gereji ya Sleyum, Ibra.
Gari limetolewa likalale nje na vumbi lake.
Ndani tuko wanne na kiyoyozi kinachokohoa.
Birika la kahawa limewekwa mbali, mbali kabisa,
maana birika lina moto na meza ina unga.

Mimi nimeleta mizani.
Miaka thelathini na moja nimepima dawa za watoto
hospitalini; mkono wangu hauna haraka.
Hamdun ameleta maganda ya shaba ndani ya kopo la maziwa,
kila moja kalisugua kwa ndimu hadi linamcheka.
Azzan, mwalimu wa fizikia, ameleta mdomo.
Sleyum haleti kitu. Ananyoosha mkono wa kushoto,
vidole vitatu,
na kimya kinatangulia somo.
"Hivi viwili," husema, "nililipia neno moja tu: najua."

Samaa ya babu yangu imelala juu ya blanketi,
mtutu mrefu, kitako kimevishwa fedha ya Nizwa.
Haijasema neno tangu harusi ya mama.
Risasi zake hazipatikani tena dukani,
basi ganda moja huzaliwa mara saba, mara nane,
na shaba, asema Hamdun, huchoka kama mtu:
huanza na mstari mwembamba shingoni,
ukiupuuza, siku yake itakwambia usoni.
Analiinua moja kwenye taa, analizungusha polepole.
"Hili limestaafu."
Mjukuu wake atapata filimbi.

Bunduki haikuwahi kuvuka bahari.
Daftari ndilo lililovuka: babu alikwenda nalo Wete,
akalijaza Kiswahili kwa herufi za Kiarabu,
mama akalirudisha ndani ya sanduku la cherehani.
Macho yangu hayauoni tena mwandiko ule.
Azzan anauona, ila Kiswahili hakijui;
basi yeye hutamka, nami huokota maana.

"Chukua unga."
Tukasogea.
"Uchekeche. Usiutie moto mkali."
Sleyum akatikisa kichwa: mzee alijua.
"Koroga, usiache mkono."
Hapo Hamdun akakunja uso. Baruti ikorogwe motoni?
Nani kamroga babu yako?
"Kisha..." Azzan akasita. Ha, lamu, kafu.
"Kisha hiliki."

Gereji ikapoa kupita kiyoyozi.
Kisha uangamie.
Mzee kaandika onyo, au kaandika wosia.

Wiki tatu tuliuzunguka ukurasa ule
kama watu waliokuta nyoka amelala mlangoni.
Hamdun alitaka uchomwe.
Sleyum alitazama pale ambapo vidole havipo.
Mimi usiku nilihesabu majina ya ukoo,
nikitafuta ni nani hatukuambiwa alivyokufa.

Mwisho nikamuuliza mama, miaka tisini, kitandani,
kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa rambirambi.
Akacheka hadi meno ya bandia yakamtoka.
"Hiliki, we Shinuna! Hiliki! Na zafarani, na maji ya waridi!
Hiyo halua. Wete nzima ilijua halua ya baba.
Ukurasa wa bunduki aliuchana
siku niliyozaliwa."

Nikafungua daftari nikapapasa kwa kidole.
Kweli: kabla ya unga, kwenye mshono,
ukingo wa karatasi, mwembamba, umeng'ooka
kama ufizi uliotoka jino.

Alhamisi iliyofuata nilipeleka mizani ileile.
Tulipima wanga. Tulipima sukari, tukagombana.
Sleyum alikoroga saa mbili bila kuacha mkono,
vidole vitatu vimekamata mwiko,
jasho likimdondoka, akikataa kupokewa.
Samaa ilitutazama kutoka kwenye blanketi.

Tulipokuwa tunaramba vijiko, Hamdun akarudi palepale:
"Lakini kipimo cha baruti, Shinuna,
babu yako alitia kiasi gani?"
"Sijui," nikasema.
Sleyum akaweka mwiko chini.
"Haya," akasema. "Sasa tunaweza kuanza."