Pembe ya Mdomo

Mimi ni mtu wa mistari.
Uliza Tukuyu mjini: KINYOZI kwa nyekundu,
MBOLEA NA DAWA ZA MIMEA,
simba wa dukani kwa Mwakatobe
mwenye masharubu ya kuhesabika,
vyote mkono wangu, rula, na uzi wenye chaki.
Kwangu kila rangi ilikaa upande wake
kama majirani wenye kesi ya shamba.

Mwezi wa tatu akaja mama Gwantwa,
mwavuli unachuruzika,
mfuko wa sukari umekunjwa mara nne
na ndani yake kitambulisho cha kiwanda cha chai:
Asangalwisye, mchumaji, namba 318,
uso mdogo kama stempu,
umegongwa muhuri shavuni.
"Mkuze," akasema. "Awe ukubwa wa mtu."

Nikamkuza. Siku mbili tu.
Pua nikaizungushia nyeusi,
macho nikayazibia kingo,
mdomo nikaukata kwa pigo moja la brashi.
Akasimama mbele yake.
"Umemkamata vizuri," akasema,
"kama polisi."

Kisha, bila kukaa:
"Mchana mimi sikuwahi kumwona.
Alitoka ukungu haujainuka migombani,
akarudi moshi umeshajaa jikoni.
Miaka ishirini na mmoja.
Akicheka hukuona meno,
ulijua tu kwa sababu giza lilisogea kidogo
hapa,"
akagusa pembe ya mdomo wake mwenyewe.

Jioni ile nikaenda kwa dada yangu Tumpe, Kyimbila,
nikakaa uani, nikatazama jiko lake la nyasi.
Moshi hautoki mlangoni.
Unavuja paa zima,
nyumba inatoka jasho la kijivu,
na ukiambiwa weka kidole paa linapoishia
utaweka wapi?
Nyuma yake Rungwe ilikuwepo, halafu nusu,
halafu ilikuwepo kwa kuwa naijua.
Nami miaka yote nimeichora
kwa mstari mmoja, kijani hapa, buluu kule,
na watu wakalipa.

Nikaanza upya.
Tone la kahawia, vijiko vitatu vya mafuta ya kitani,
rangi nyepesi kama chai ya mwisho wa mwezi.
Nikapaka, nikasubiri.
Masika ya huku hayakaushi hata shati,
sembuse shavu la marehemu.
Siku nne tabaka moja.
Nikatafuta brashi ya baba ya kunyolea,
nikaipitisha kavu, bila rangi, bila haraka,
kama unavyompangusa mtoto aliyelala
usitake aamke.
Palipokataa, kidole gumba.
Ipyana, kijana wangu wa kushika ngazi,
akachungulia: "Fundi, unachora au unafuta?"
Nikamtuma mkaa.

Tabaka la tisa, kope zikaanza kuzama.
La kumi na moja nililiharibu, nikalia kidogo, nikalipangusa.
Kivuli cha pua kikashuka kwenye mdomo
pasipo mlango wala kizingiti,
na pale kwenye pembe, palepale alipogusa,
sikuchora kitu.
Nilisogeza giza, upana wa punje ya ulezi.
Akanitazama kama mtu
anayetaka kukuambia jambo
akaona wageni.

Mwezi wa sita akarudi, baridi imekaza,
kitenge amejifunika hadi masikioni.
Akarudi nyuma hatua tatu. Akasogea moja.
Akazima taa yangu ya meza, bila kuomba ruhusa,
tukabaki na mwanga wa dirishani tu,
ule wa saa kumi na mbili, usio upande wowote.

"Anaondoka," akauliza, "au anarudi?"

Nikawa nasafisha brashi iliyokuwa safi.

Akatoa pesa, akazihesabu mara mbili,
akaanza kumfunga kwa shuka la kijani,
kuanzia miguuni, ingawa miguu sikumchorea.
"Sikio la kushoto si lake," akasema.
Nikachukua kitambaa.
"Liache. Nitalizoea."